Jicho Likicheza: Lipi la Kusubiri na Lipi la Kupeleka kwa Daktari

Katika nyumba yetu ya Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, macho mawili yalianza kucheza ndani ya msimu mmoja wa mvua: jicho langu la kulia na jicho la kushoto la Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la Nyawera. Wiki ya kwanza hakuna mtu ambaye angeweza kuyatofautisha. Yote mawili yalianzia kwenye kope ya chini, yote mawili yalicheza na kuacha bila maumivu, na kwa yote mawili majirani walitupa tafsiri ile ile tuliyoikuta kwa wazee, kwamba kope ya juu ikicheza utaona mgeni na ya chini ikicheza utalia. Langu lilitulia lenyewe siku ya kumi na tisa. La Mama Mdogo halijatulia mpaka leo, na jina la ugonjwa wake tulilipata baada ya karibu mwaka mzima wa kuhangaika.

Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliye katika wiki ya pili au ya tatu ya kope inayocheza, anayejiuliza kama atoe pesa ya moto, yaani pikipiki ya abiria, na ya fishi, yaani karatasi ya kumwona daktari, au asubiri. Mimi ni mwalimu, si mganga. Ninayoyaeleza nimeyapata kwa wauguzi na madaktari waliotuhudumia na kwa kusoma kwa bidii baadaye, nikisukumwa na uchungu wa ule mwaka tulioupoteza.

Mpaka wa kope

Watu wengi hupima hali hii kwa siku: imecheza siku ngapi? Siku zina maana, lakini kipimo cha kwanza ni mpaka: je, mchezo huo umebaki ndani ya kope, au umevuka?

Sababu yake iko katika maumbile yenyewe. Msuli unaofunga jicho ni wa duara, mwembamba kama utepe, na unalizunguka jicho chini ya ngozi. Msuli huo hupokea amri kutoka kwa mshipa wa fahamu wa uso, ambao ni wa saba kati ya jozi kumi na mbili za mishipa ya fahamu ya kichwa. Kila upande wa uso una mshipa wake. Unatoka kwenye shina la ubongo, unapita ndani ya mfupa nyuma ya sikio, unatokeza chini ya sikio, kisha unagawanyika katika matawi makuu matano yanayohudumia paji la uso, jicho, shavu na mdomo, kidevu, na shingo. Kwa hiyo, kama kinachosumbua ni nyuzi chache za msuli zilizochoka, kitakachocheza ni kope tu. Kama kinachosumbua kimekaa juu kwenye shina la mshipa, kabla haujagawanyika, tawi la jicho na tawi la mdomo yatapata amri ile ile kwa wakati mmoja, na pembe ya mdomo itavutwa pamoja na kope. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua habari za jicho lake anapaswa kuutazama mdomo wake.

Jicho lililoweza kusubiri

Langu lilikuwa la aina ya kwanza, ambayo ndiyo iliyo ya kawaida kuliko zote. Ulikuwa wakati wa mitihani ya muhula. Umeme katika mtaa wetu ulikuwa ukirudi saa nne za usiku na kukatika kabla ya mapambazuko, basi madaftari ya wanafunzi yalisahihishwa saa hizo hizo au hayakusahihishwa kabisa. Nilikuwa nikinywa vikombe vitano vya kahawa ya kisiwa cha Idjwi kwa siku, cha mwisho saa tano za usiku, bila kufahamu kwamba saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini huwa bado mwilini. Usingizi wangu ulikuwa wa saa nne.

Nikiusogeza uso karibu na kioo, niliona mstari mwembamba wa ngozi chini ya jicho ukitetema kama maji ndani ya kikombe wakati lori linapopita barabarani. Mtetemo huo ulidumu sekunde chache, ukaacha, ukarudi baada ya dakika au baada ya saa. Mtu aliyekaa mbele yangu kwa umbali wa hatua moja hakuona kitu. Nilipowauliza wenzangu katika chumba cha walimu, wote walisema uso wangu uko sawa. Jicho halikujifunga hata mara moja. Kuona kwangu hakukubadilika. Jicho halikuwa jekundu, wala halikutoa tongotongo, na kope haikulegea.

Yanayoleta hali hii yanajulikana: uchovu, kukosa usingizi, wasiwasi wa muda mrefu, kahawa, chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe, mwanga mkali, macho makavu, na kazi ya kukaza macho karibu kwa saa nyingi. Mshonaji wa cherehani na mtu anayetazama simu gizani wako katika hatari moja, kwa sababu anayekaza macho husahau kupepesa, na jicho lisilopepeswa hukauka. Katika mji ambao tumeishi na mashaka kwa miaka mingi kama huu wetu, sioni aibu kutaja wasiwasi kuwa ni sababu kamili ya mwili kutetema. Kumwambia mtu kwamba jicho lake linacheza kwa ajili ya hofu na uchovu si kumwambia kwamba anajisingizia.

Nilipunguza kahawa kikombe kimoja kila siku mbili, maana kuiacha ghafula huleta maumivu ya kichwa. Niliyapeleka madaftari shuleni na kuyasahihisha mchana. Kila baada ya dakika ishirini niliinua macho na kutazama mbali, ng'ambo ya ua, kwa sekunde ishirini hivi. Jioni niliweka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya macho yaliyofumbwa. Famasi moja iliniuzia vidonge vya magnesiamu, na ni lazima niseme wazi kwamba ushahidi wa vidonge hivyo kutuliza kope ni hafifu. Kama pesa ni kidogo, inunulie mbogamboga na maharage. Usingizi ndio ulionisaidia kuliko vyote. Nilipofikia saa saba kwa usiku, siku tatu mfululizo, kope ilinyamaza.

Mtu mwenye dalili kama hizi anaweza kusubiri kwa amani. Kwa kawaida hali hii huisha ndani ya siku chache au wiki chache, ingawa inaweza kupotea na kurudi. Ikipita wiki mbili au tatu bila kupungua, hata kama haijavuka mpaka wa kope, mtu aende akaonekane mara moja. Wengi wa wanaokwenda kwa sababu hiyo huambiwa kwamba ni uchovu au ukavu wa macho, na safari hiyo haikuwa hasara.

Jicho lililovuka mpaka

Mwezi wa pili, Mama Mdogo alianza kulalamika kwamba wateja hawamheshimu. Kope yake ya kushoto ilikuwa sasa ikijifunga kabisa kwa ghafula, na shavu likivutwa nayo, basi mwanamume anayepanga bei ya sambaza aliona mama mtu mzima anamkonyeza. Alianza kukaa ubavu, akijifunika upande mmoja kwa kitenge, mpaka akaacha kabisa kukaa mbele ya meza yake na kumwachia binti yake kazi ya kuuza. Sisi tuliona ni haya tu. Hatukujua kwamba tayari alikuwa ametuonyesha dalili kubwa kuliko zote.

Mwezi wa nne pembe ya mdomo ilianza kupanda pamoja na jicho. Usiku mmoja niliingia chumbani kwake na taa kumfunika mtoto aliyelala naye, nikaona kitu ambacho sijakisahau: Mama Mdogo alikuwa katika usingizi mzito, akikoroma, na upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa ukiendelea kuruka. Hali hii ya nusu uso inaweza kuendelea hata usingizini, jambo linaloitofautisha na mkazo wa kope wa macho yote mawili nitakaoutaja baadaye, ambao kwa kawaida hutulia mtu anapolala.

Hapo katikati tulifanya kosa ambalo ningependa mtu mwingine asilifanye. Muuza dawa mmoja, bila kumtazama vizuri, alitupatia dawa ya matone ya macho iliyochanganywa na kotizoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe, na kwa kuwa ilimpoza kidogo, tuliendelea kuinunua kwa miezi minne. Matone ya kotizoni yakitumika muda mrefu bila daktari yanaweza kupandisha mgandamizo ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa kuonea, na yanaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Dawa hiyo haikuwa na uwezo wowote juu ya ugonjwa wake, kwa sababu ugonjwa haukuwa ndani ya jicho. Jirani mwingine alishauri achanjwe chini ya kope na kutiwa dawa ya majani. Tulikataa, na leo ninashukuru, kwa maana dawa za kienyeji zinazotiwa ndani ya jicho zimewaachia watu vidonda kwenye kioo cha jicho na hata upofu.

Muuguzi aliyeutambua ugonjwa wake kwa mara ya kwanza alikuwa kijana mdogo katika kituo cha afya. Hakumgusa jicho. Alimwambia tu, "Mama, kaza macho yote mawili kwa nguvu, kisha fungua, unionyeshe meno." Mdomo wa kushoto ukaruka. Akamtazama tena na kusema, "Mama, hii haiko ugonjwa ya jicho. Iko ya mshipa ya uso." Mama Mdogo akamjibu, "Mwanangu, miezi yote ile nimetia dawa mu jicho bure?" Kijana hakujibu, akachukua karatasi ya rufaa.

Daktari wa mishipa ya fahamu alitueleza kwamba mara nyingi ugonjwa huu, mkazo wa nusu uso (kwa Kifaransa spasme hémifacial), hutokea pale mshipa wa damu unapougusa mshipa wa fahamu wa uso karibu kabisa na mahali unapotoka kwenye shina la ubongo, na kila pigo la damu likawa linausugua. Huwapata zaidi watu wa umri wa kati, wanawake kuliko wanaume. Alituonyesha pia ishara ambayo daktari Joseph Babinski wa Paris aliieleza mwaka 1905: jicho linapojifunga, nyusi ya upande ule ule huinuka badala ya kushuka. Mtu mwenye afya hawezi kufanya hivyo kwa makusudi upande mmoja. Jaribu mbele ya kioo. Kwa sababu mara chache kinachobana mshipa ni uvimbe, picha ya kichwa inahitajika, hasa ile ya sumaku inayoitwa IRM.

Matibabu yapo, nayo ni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kuna vidonge kama kabamazepini, vinavyosaidia baadhi ya watu kwa kiasi na kuwaletea usingizi na kizunguzungu. Kuna sindano ya sumu ya botulinumu, kwa kipimo kidogo sana, iliyokubaliwa nchini Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya macho kabla haijajulikana kwa urembo. Huanza kufanya kazi baada ya siku chache na hudumu takriban miezi mitatu, kisha hurudiwa. Na kuna upasuaji wa kutenganisha mshipa wa damu na mshipa wa fahamu kwa kuweka kipande kidogo laini katikati yao. Mama Mdogo anatumia vidonge kwa sasa, na familia inachanga pesa ya sindano.

Macho yote mawili yanapojifunga

Aina ya tatu, ule mkazo wa kope wa macho yote mawili, hudhaniwa kuwa ni vumbi. Mzee mmoja wa kwaya ya parokia yetu alianza kwa kupepesa sana, akisema jua linamuumiza na macho yake yana mchanga. Baadaye kope za macho yote mawili zilikuwa zikijikaza pamoja, na alipopanda mlima kuelekea kanisani mchana alilazimika kusimama na kuzifungua kwa vidole. Jambo lililowashangaza watu ni kwamba alipoimba, macho yalifunguka. Wengine waliona ni muujiza, wengine wakaona anajifanya. Kumbe ndivyo ugonjwa huu ulivyo: kuimba, kuongea, kutafuna au kugusa pembeni mwa jicho kunaweza kuutuliza kwa muda, na mwanga, kusoma na kuendesha gari huuzidisha. Huanza mara nyingi baada ya miaka hamsini.

Ukilinganisha na jicho langu, tofauti ni nguvu na idadi. Kope yangu ilitetema bila kufunga, upande mmoja. Yake zilifunga, pande zote mbili. Mtu ambaye macho yanajifunga bila ruhusa yake ni sawa na kipofu kwa sekunde hizo, na sekunde hizo zinaweza kumkuta katikati ya barabara au mbele ya moto wa makaa. Huyu asisubiri wiki tatu. Aanze kwa daktari wa macho, kwa sababu ukavu wa jicho, kope zilizovimba au nywele za kope zinazochoma jicho vinaweza kuleta hali inayofanana, na hivyo vina tiba rahisi; visipoonekana, apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Tiba yake kuu ni sindano ile ile niliyoitaja.

Yale yanayoitwa kucheza, lakini siyo

Hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu hakuna cha kulinganisha: yote ni ya kwenda leo. Kope iliyolegea na kushuka si kope inayocheza. Kope huinuliwa na mshipa mwingine wa fahamu, na ikishuka ghafula pamoja na kuona vitu viwili viwili, mboni mojawapo kuwa kubwa kuliko nyingine, au kichwa kuuma vikali, ni dharura. Uso uliopinda na jicho lisilofunga ni kupooza. Ukiambatana na mkono kukosa nguvu au maneno kukwama, fikiria kiharusi na usingojee asubuhi. Mruko wa uso unaoshuka mpaka mkononi, au unaoambatana na kupotewa na fahamu, unaweza kuwa kifafa. Jicho jekundu linalouma na kuona ukungu ni la daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Dawa nazo zitajwe. Metoklopramide, ambayo watu wengi hupewa kwa kutapika, na haloperidoli ya wagonjwa wa akili zinaweza kusababisha macho kukazana au kugeuka juu, shingo kupinda na ulimi kutoka, hasa kwa vijana. Rudi mara moja kwa aliyekupa dawa, ukiwa na karatasi yake mkononi.

Kwa watoto kipimo ni kingine, na nimeanza kukitumia darasani. Mtoto anayepepesa sana mara nyingi ana zoea la misuli litakaloisha, au anahitaji miwani. Lakini mtoto anayekatika katikati ya sentensi, akatazama mahali pamoja huku kope zikitetema kwa sekunde kadhaa, asiitike akiitwa, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huyo haoti ndoto za mchana. Hiyo ni aina ya kifafa inayotibika vizuri, na mwalimu ndiye anayeweza kuiona kabla ya mzazi.

Mlango wa kuanzia

Kwa mwenye kipato chetu, uamuzi si kati ya kwenda na kutokwenda tu; ni wapi utumie pesa ya kwanza. Ningeanza kwa muuguzi wa kituo cha afya cha karibu, si kwa famasi, kwa sababu muuguzi hutazama uso kabla ya kuuza kitu. Kabla ya hapo, jipime nyumbani mbele ya kioo kwenye mwanga wa dirisha: inua nyusi, kaza macho, onyesha meno, jaza mashavu hewa. Angalia kama pande mbili zinalingana na kama mdomo unaruka pamoja na jicho. Mwombe mtu wa nyumbani akutazame ukiwa umelala. Andika siku lilipoanza, unalala saa ngapi, unakunywa kahawa kiasi gani, na dawa zote unazotumia.

Kisha chukua video. Kope ina tabia ya kutulia mbele ya daktari, na mgonjwa akarudishwa nyumbani kama mtu asiye na tatizo; Mama Mdogo yalimpata hayo mara mbili, katika mahali ambapo sitapataja. Shika simu uso mzima uonekane, kuanzia paji mpaka kidevu, si jicho pekee. Video niliyompiga ina sekunde arobaini. Pale kituoni uso wake ulikuwa umetulia kabisa tulipoingia, nikaona naye ameanza kuomba radhi kwa kuja, ndipo nikatoa simu. Kijana yule aliitazama mara mbili bila kusema neno, mara ya pili akiwa ameweka kidole chake chini ya pembe ya mdomo kwenye kioo cha simu, akisubiri iruke. Ndipo akamwambia akaze macho.